Gurnah, mstari mwekundu na simu za mama

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina la kuungama.

Abdulrazak Gurnah alikuwa ameshachapisha riwaya kumi kabla sijasoma ukurasa wake hata mmoja. Ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Mimi jina lake nililisikia Oktoba 2021, aliposhinda Nobel ya Fasihi, na hata hapo sikumtafuta. Nilijisemea: huyu kazaliwa Zanzibar 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, akafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent, na vitabu anaandika kwa Kiingereza. Ana lipi la kuniambia? (Naam, dharau tupu.)

Kilichonirudisha kwake ni mahojiano niliyoyasoma baadaye, wakati nikisubiri faili kubwa limalize kushuka. Humo alizungumzia maneno ya Kiswahili yaliyomo katika vitabu vyake. Wachapishaji wa Uingereza, alieleza, hupenda kilicho kigeni kionekane kigeni: neno liandikwe kwa herufi za mlazo, au maana zake zipangwe mwisho wa kitabu. Yeye hataki.

Faili lilimaliza kushuka, mimi nimekaa tu.

Tarakilishi yangu hupiga mstari mwekundu chini ya Kiswahili changu chote, hilo nimelizoea. Lakini miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza programu ya simu ya vyama vya akiba. Vitufe niliviandika Weka, Toa, Salio. Mteja akasema haionekani ya kitaalamu. Sikubisha. Kiingereza nikakipandisha juu, Kiswahili nikakishusha chini kwa herufi ndogo za mlazo, rangi ya kijivu, kama mtu anayeomba radhi kuingia kwake. Kazi ya dakika tano. Kisha chama cha mama kikaanza kuitumia ile programu, naye akawa ananipigia kila mwisho wa mwezi: "Mwanangu, hapa nibonyeze wapi?" Nami nikawa namwambia avae miwani.

Basi nikaanza na Paradise, ya mwaka 1994, iliyofika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Mtoto Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu baba yake ana deni asiloweza kulipa. Mtoto amezoea kumwita mjomba. Huko dukani Khalil, kijana aliyemtangulia, anamkataza: huyu si mjomba wako, mwite seyyid. Mimi hapo nilisimama kusoma. Kwa neno hilo moja mtoto anaanza kujua kwamba hakuja kutembea kwa jamaa, amewekwa rehani. Ukilitafsiri pembeni umeshaliua.

Kitabu hicho kimetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, kilitoka 2022. Nimemnunulia mama. Anakisoma polepole, na juzi alinipigia, safari hii si kwa ajili ya vitufe. Alitaka kujua kama yule baba alijua anachofanya alipomtoa mtoto. Nilimwambia asome kwanza. Akanijibu kwamba yeye ameshaamua, alijua.

Jumamosi nilifungua ule msimbo wa zamani. Weka, Toa, Salio nikavirudisha juu, herufi kubwa, nyeusi, zimesimama wima. Nimemtumia mteja toleo hilo tangu Jumatatu. Bado hajajibu.