Petroli ya bei mbaya nusura ivuruge ndoa Denver

Msomaji wangu, kama unadhani ugomvi wa mke na mume huanzia jikoni au kwenye simu ya mkononi, basi hujafika Denver. Mimi niliushuhudia ukianzia kwenye pampu ya mafuta.

Ilikuwa Septemba 2023. Nilikwenda kumsabahi mdogo wangu wa kike aliyeolewa huko, katika jimbo la Colorado, Marekani. Denver uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana wenyewe wanauita mji wa maili moja. Kwa Mtanzania huo si mwinuko wa kutisha, ni kama uko Iringa. Shughuli ni ukitazama magharibi: milima ya Rocky imejipanga kama ukuta, na barabara inakwenda kuukabili huohuo ukuta.

Sasa shemeji yangu ana shangingi. Viti vya ngozi, injini ya turbo, na kila Jumamosi analiosha kabla hajanywa chai. Mapenzi hayo, usiulize.

Jumapili niliyofika tukapitia kituoni. Kule hakuna kijana wa kukuuliza "niweke ya ngapi, bosi?" Unachomeka kadi, unajaza mwenyewe. Mbele yako kuna vitufe vitatu: 85, 87 na 91. Siku hiyo galoni moja, yaani kama lita 3.8, ilikuwa dola 3.95 kwa ile ya 85, dola 4.30 kwa 87 na dola 4.60 kwa 91. Shemeji hata hakutazama bei. Akabonyeza 91.

"Shemeji," akaniambia, "gari la heshima halinyweshwi gongo."

Ijumaa tangi likawa limekauka, na safari hii aliyekwenda kujaza alikuwa mdogo wangu. Akabonyeza 85. Nikamtazama.

"Kaka, petroli ni petroli. Kwenye galoni 18 nimeokoa dola 11 na senti 70. Hiyo si dawa ya presha ya mama? Ila usimwambie baba watoto."

Nikanyamaza. Ya ndani kwao, mie mgeni.

Jumamosi tukaanza safari ya kwenda Dillon, mji mdogo kando ya bwawa linalowapa maji watu wa Denver. Tulikuwa watano garini, na mizigo juu. Msomaji, nchi ile nzuri! Tukapita Idaho Springs, tukapita Georgetown, miji ya wachimba madini wa zamani iliyobanwa bondeni. Miti ya aspeni ilikuwa imegeuka manjano tupu, mlima mzima kama umemwagiwa binzari.

Baada ya hapo mlima ukakaza kweli. Mnaoijua Kitonga mnanielewa. Mbele yetu lilikuwa handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo shangingi likaanza kutoa mlio, kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo la maziwa. Shemeji anakanyaga mafuta, gari linakwenda kwa kujivuta. Akazima redio. Mdogo wangu akageukia dirishani. Mimi nikaitazama ile miti kama nitafanyiwa mtihani.

Tulipoingia handakini, lenye urefu wa kilometa 2.7, dada wa watu akaungama.

"Kwa hiyo unaniulia gari?"

"Na wewe unateketeza hela ya mama kila wiki!"

Watoto kimya. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko handaki lenyewe.

Dillon tukaegesha. Nikauliza swali la kijinga: "Shemeji, kitabu cha gari kiko wapi?" Kikatolewa, bado kimo kwenye mfuko wake wa nailoni! Tukakisoma pale kando ya maji. Kinasema kiwango cha chini ni 87. Na kwa nguvu kamili, mtengenezaji anapendekeza 91. Hata kibandiko kwenye kifuniko cha tangi kinasema hivyohivyo.

Looh! Wote wawili walikuwa wamekosea. Mume alikuwa akilipia kisicholazimishwa, na mke kashuka chini ya kinachoruhusiwa.

Ile namba inaitwa okteni. Haipimi utamu wa mafuta wala nguvu zake, inapima uvumilivu. Injini hukandamiza hewa na petroli ndipo plagi iwashe. Petroli isiyovumilia mkandamizo hujilipukia yenyewe, ndio ule mlio wa kokoto. Kompyuta ya gari ikiusikia huchelewesha cheche kuokoa injini, na nguvu hupungua. Ukiendelea kulilazimisha, pistoni zinaweza kuumia.

Mbona basi 85 inauzwa kule? Ni urithi wa magari ya kabureta. Milimani hewa ni nyepesi, mkandamizo ukawa mdogo, na 85 ikatosha. Injini za leo zina kompyuta, na turbo inaisukuma hewa kwa nguvu, kwa hiyo ile nafuu ya mlima haipo tena.

Na wanaolipia ufahari ni wengi. Mwaka 2016 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilikadiria kuwa Wamarekani milioni 16.5 walijaza petroli ya daraja la juu kwenye magari yasiyoihitaji, na kupoteza dola bilioni 2.1 kwa mwaka. Mwaka 2017 kikapima magari ambayo watengenezaji wake wanapendekeza daraja la juu bila kulazimisha. Mafuta yaliokolewa kwa wastani wa asilimia 2.7 tu. Pale kituoni kwa shemeji, 91 ilizidi 87 kwa karibu asilimia 7. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini kitabu kikisema 91 ni lazima, hapo hakuna mjadala. Lipa, au uza gari.

Palepale Dillon tukaongeza 91 juu ya ile 85 iliyobaki nusu tangi. Mchanganyiko unafika kama 88. Tukarudi Denver bila kokoto.

Nanyi wenye mashangingi ya mtumba kutoka Japan, msicheke. Kwenye kifuniko cha tangi huenda kuna kibandiko cha Kijapani kinachotaja aina ya petroli. Mtafute mtu akusomee. Ila usibebe namba za Marekani kichwakichwa: wao hupima tofauti, 91 yao ni karibu 95 ya vipimo vya huku kwetu.

Jumapili ya kuondoka kwangu tukapita tena kituoni. Shemeji akasimama mbele ya vile vitufe kama mtu anayepiga kura, kisha akabonyeza 87. Mdogo wangu akapiga hesabu kwenye simu: dola 5.40 kwa tangi, kama dola 280 kwa mwaka.

"Mwambie mama," shemeji akaniambia bila kunitazama, "dawa za mwaka huu zimetoka kwa mkwe wake."