Mwenyekiti Alipendekeza

Nakiri kwamba mwenyekiti wa kikundi kile nilimweka mimi, ingawa wanakikundi walinyoosha mikono.

Walikuwa watu 22, wanawake 17 na wanaume 5, nami nilikuwa mwezeshaji wao wa kuweka na kukopa. Siku ya kwanza, chini ya mwembe, niliuliza nani angetuongoza. Kimya. Mwanamume mmoja akakohoa, akasema mawili matatu, na tangu hapo kila swali nililielekeza kwake. Ulipofika uchaguzi, nani angemkataa? Mama aliyewakusanya wenzake nyumba kwa nyumba, anayejua shida ya kila mmoja, nilimwambia ana mwandiko mzuri, awe katibu. Nilidhani namheshimu.

Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli tatu na funguo zake kwa watu watatu, asitokee wa kulifungua peke yake. Hilo nililifundisha kwa bidii. Maneno ya mkutano sikuyawekea ulinzi wowote.

Mwezi wa nne katibu alishauri waliokopa kwa ajili ya kilimo waanze kurejesha baada ya mavuno. Hakuna aliyeitika, mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu hisa. Punde mwenyekiti akarudia yaleyale, tukapiga makofi. Nikaandika, na kabla ya kufunga mkutano nikasoma kwa sauti: "Mwenyekiti alipendekeza." Nilikuwa nimesikia mara zote mbili. Hapo ndipo panaponiuma.

Baadaye nilisoma kazi ya Alice Eagly na Steven Karau ya mwaka 1991. Walikusanya tafiti nyingi za vikundi vilivyoanza bila kiongozi, wakakuta wanaume huibuka zaidi kuwa viongozi, hasa watu wanapokaa pamoja kwa muda mfupi. Sisi tulikutana kila wiki, mwaka mzima. Muda wa kumwona aliyekuwa akiongoza kweli tulikuwa nao, ila mimi nilikwisha kuamua saa ya kwanza.

Siku ya mgao niliomba daftari la mihtasari nilinganishe na ripoti zangu. Nikautafuta mkutano ule wa mavuno. Kwa mwandiko uleule niliousifu, katibu alikuwa ameandika juu ya wazo lake mwenyewe: "Mwenyekiti alipendekeza."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ndivyo ulivyosoma, mwalimu."