Ridhaa Kwanza, Kumbukumbu Baadaye

Ufuatiliaji wa kaya katika bonde la Kilombero ulipoanza mwaka 1996, kumbukumbu zake zilikuwa za karatasi. Katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wadadisi walipita kila baada ya miezi 4 kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Msimu wa mpunga iliwabidi wawafuate watu mashambani, maana kaya nyingi bondeni huhamia huko hadi mavuno. Makaratasi yaliishia Mlabani, mjini Ifakara, kwenye kituo ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Nakumbuka kanuni iliyotawala kazi za utafiti za wakati ule: kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, jibu sahihi likaandikwa pembeni, na aliyesahihisha akaweka sahihi yake na tarehe. Aliyeifungua fomu miaka mingi baadaye aliliona jibu na njia lililopitia. Ndiyo kanuni ninayoirejea ninapofikiri juu ya swali linalozigawa jamii za programu huria: je, mazungumzo yao ya kila siku yawekwe hadharani na kuhifadhiwa? Naamini yahifadhiwe, lakini ridhaa itangulie.

Swali hili limetufikia kwa sababu zana za kazi zilibadilika. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichopo Seattle, Marekani, ulianza mradi wa ODK, programu huria ya kukusanya takwimu kwa simu za Android. Katika miaka ya 2010 simu na vishikwambi vikachukua nafasi ya makaratasi katika tafiti nyingi za Afrika Mashariki, na programu ya OpenHDS, inayohudumia ufuatiliaji wa kaya, ikajengwa ikitegemea ODK. Pamoja na programu hizo tulipokea kitu ambacho karatasi haikuwa nacho: jamii ya watu waliotawanyika duniani, wanaosaidiana bila kufahamiana kwa sura. Mwanzoni walizungumza kwa orodha ya barua pepe iliyo wazi. Swali lililoulizwa leo na kujibiwa kesho lilibaki pale pale, na mtu wa nchi nyingine mwenye fomu inayogoma kutuma majibu aliweza kulikuta baada ya miaka kadhaa, bila kumsumbua yeyote.

Kisha mazungumzo yakahamia kwenye vyumba vya gumzo: Slack, Telegram, WhatsApp. Faida yake ni kubwa, siipuuzi. Mtu hujibiwa kwa dakika, na mgeni huona kwamba anaongea na binadamu. Lakini kumbukumbu ikawa mali ya kampuni. Kwa makundi yasiyolipa, Slack ilikuwa ikionyesha ujumbe 10,000 wa mwisho tu. Kuanzia Septemba 2022 ikaonyesha wa siku 90. Na mwaka 2024 ikaanza kufuta kabisa uliozidi mwaka mmoja. Msimbo wenyewe haupotei, kwa kuwa umehifadhiwa mahali pake pamoja na kila badiliko. Kinachopotea ni sababu: kwa nini njia hii ilichaguliwa, ipi ilijaribiwa ikashindikana, nani alitahadharisha nini. Ni fomu iliyobaki na jibu peke yake, bila mstari uliokatwa na bila sahihi.

Hasara hiyo haiwapati wote sawa. Seattle iko nyuma ya Ifakara kwa saa 10 au 11, kutegemea majira. Mjadala unaoanza kule saa 4 asubuhi, huku ni saa 2 au 3 usiku, na unapopamba moto mtu wa Mlabani amelala, au bando limekwisha, au umeme umekatika. Yeye hushiriki kwa kusoma kilichobaki. Kisipobaki kitu, maamuzi ya programu anayoitumia kila siku hufanywa na waliokuwa macho saa ile. Kwa hiyo kuhifadhi ni suala la haki kwa walio mbali. Na jambo hili linawezekana: mradi wa programu huria wa Ubuntu umeweka wazi kumbukumbu za vyumba vyake vya gumzo tangu mwaka 2004, na kazi haikusimama.

Wapo wanaosema basi yafunguliwe yote, hata ya zamani, kwa kuwa chumba kilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuingia. Hoja hii ina kasoro. Kuruhusu watu waingie na kusikiliza ni jambo moja. Kuweka maneno yao yatafutwe kwa jina milele ni jingine. Mwaka 1995 huduma ya Deja News ilianza kuhifadhi mijadala ya Usenet, mtandao wa zamani wa majadiliano, na kuifanya itafutike, na wengi walioandika wakiamini maneno yao yatatoweka baada ya wiki chache wakayakuta yamekuwa ya kudumu. Hapa kwetu Tanzania hofu ina msingi zaidi. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, watu wameshtakiwa kwa walichoandika mtandaoni, na Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa mahakamani Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Tena, anayeomba msaada hubandika picha ya skrini upesi upesi, na ndani yake laweza kuwamo jina la mama aliyehojiwa kijijini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mama huyo.

Kuhusu hili watafiti wa Mlabani wana la kuwafundisha wasanidi programu. Katika utafiti wa afya, ridhaa huombwa kabla ya kuchukua damu au jibu, na ridhaa ya kazi moja haigeuzwi kuwa ya kazi nyingine bila kurudi kwenye kamati ya maadili. Jamii inayotengeneza zana za kuulizia ridhaa haiwezi kuwanyima wanachama wake heshima hiyo hiyo. Wala kuficha majina hakutoshi, kwani sentensi moja iliyonukuliwa huweza kumtambulisha mwenyewe, na aliyetatua tatizo kubwa anastahili jina lake libaki.

Wengine wanahofia kwamba watu watanyamaza, hasa wanaouliza kwa Kiingereza cha kujikongoja. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kukiacha chumba cha wageni bila kuhifadhiwa na kukitangaza hivyo. Wengine wanasema muhtasari unatosha. Ungetosha kama angekuwapo wa kuuandika kila wiki, lakini kazi hii hufanywa kwa kujitolea, na anayefupisha huacha kwanza hoja zilizoshindwa, ambazo ndizo atakayekuja anazihitaji ili asirudie njia iliyokwisha kuonekana mbovu.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu ulio wazi. Vyumba vya maamuzi na vya ufundi vihifadhiwe kuanzia siku iliyotangazwa, na tangazo likae mlangoni kwa kila anayeingia. Ya kabla ya siku hiyo yabaki yalivyo, isipokuwa wahusika wenyewe wakiridhia. Ujumbe usifunguliwe papo hapo. Zipite siku kadhaa ili mtu aondoe kilichomponyoka, na taarifa za wahojiwa ziondolewe wakati wowote zinapoonekana. Nakala ikae mikononi mwa jamii yenyewe, isitegemee bei ya kampuni. Yakifanyika hayo, kijana atakayeajiriwa Ifakara miaka 10 ijayo ataweza kuzihoji sababu za waliomtangulia na kuzirekebisha, akiwa mshiriki kamili wa programu anayoibeba hadi vijijini.