Chaki mkononi mwa mzee

Haya wadau, nimepotea kidogo, si mnajua testi zilivyobana. Wikiendi nilikuwa nyumbani, na leo naandika habari za mkono wa baba yangu.

Mzee ni mwalimu mstaafu na ana jongo, ile wengi wanaita gauti, miaka mingi. Kidole gumba cha mguu kikianza kuwaka, mtoto anatumwa duka la dawa, diklofenaki inaletwa, maumivu yanatulia, maisha yanaendelea. Kumbe dawa ile inatuliza maumivu tu. Asidi ya yuriki inabaki palepale kwenye damu, inaganda kwenye maungio.

Mwaka jana vidole vya mkono wa kulia vikajaa manundu. Moja likapasuka, likatoa kitu cheupe kama chaki. Mzee akacheka, "Si nimefundisha miaka 30? Chaki imeniingia." Mimi sikucheka. Alikuwa hawezi kufunga vifungo vya shati wala kushika kalamu.

Alitaka akatwe yaishe. Daktari akakataa: upasuaji ni kama kuna usaha, mshipa wa fahamu umebanwa au kiungo kinaharibika. Kidonda chake huchelewa kupona, na asidi isiposhuka manundu yanarudi. Wakampima figo, akaanza alopurinoli miligramu 100 kwa siku, ya kuongezwa pole pole. Shabaha ya kawaida ni asidi kuwa chini ya miligramu 6 kwa desilita. Kwa mwenye manundu kama yake, chini ya 5, ili ile chaki iyeyuke itoke kwa mkojo.

Wiki ya tatu, saa tano usiku, simu. "Mwanangu, dawa yenu mbaya kuliko ugonjwa. Mkono umevimba. Naitupa."

Jamani nililia. Mwenzangu wa chumbani anasoma famasi, akaniuliza, "Kolchisini anakunywa?" Kumbe chaki ikianza kuyeyuka inaweza kuamsha maumivu, ndiyo maana miezi ya mwanzo mgonjwa hupewa na kolchisini kidogo kidogo. Ya mzee ilikuwa imeisha, akaibania hela.

Nikampigia. "Shikamoo baba. Usiitupe. Kesho nenda kliniki ukaongezwe ile ya pili."

"Marahaba. Kwa hiyo kuumwa ndiyo kupona?"

"Kwa sasa ndiyo, baba."

Akanyamaza, halafu akasema, "Haya." Asubuhi alikwenda.

Huu ni mwezi wa kumi. Asidi imeshuka kutoka 9.8 hadi 4.9. Manundu hayajaisha, daktari anasema inaweza kuchukua hata miaka, ila yale madogo yamelainika. Bia kaacha, maini na dagaa kapunguza, ingawa chakula peke yake kisingeweza kazi hii.

Wenye wazee wa diklofenaki nyumbani, wapelekeni wakapimwe, kabla mkono haujafika huko. Na akianza alopurinoli akatokwa na vipele, aache na awahi hospitali siku hiyo hiyo, hiyo si ya kuvumilia.

Jumapili nilimpa fomu yangu ya chuo asaini. Zamani hizo alikuwa ananiambia niweke jina lake mwenyewe. Safari hii akaomba kalamu. Ilimchukua muda, herufi zimepinda, lakini kasaini.

Niishie hapa, kesho nina kipindi saa moja asubuhi.