Viatu vya ngozi havitaki dawa kali

Masika yakishakatika Dar es Salaam, ndipo watu hukumbuka viatu vya sherehe. Kabati linafunguliwa, na kile kiatu cheusi kilichonunuliwa kwa kujinyima kinatoka kimefunikwa na ukungu wa kijivu. Mkoba uliokuwa pembeni yake unanuka uvundo. Kinachofuata kinategemea nani yuko nyumbani. Mmoja anakimbilia sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Mwingine anaanika kila kitu juani saa sita mchana. Wa tatu, ambaye ndiye wa kuogopwa, anamimina siki kwenye beseni kisha anaongeza jiki ili mambo yaende haraka.

Siki na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho, koo na mapafu. Bafu la nyumba ya kupanga, lenye kidirisha cha ukubwa wa daftari, ni mahali pabaya sana pa kukutana nayo, hasa kwa mwenye pumu. Akianza kukohoa, atoke nje kwenye hewa kwanza, beseni litasubiri. Na hasara yote hiyo ni ya bure, kwa sababu jiki haina kazi yoyote kwenye ngozi zaidi ya kuitoa rangi na kuikausha mpaka ipasuke.

Kiatu cha ngozi ni ngozi ya mnyama kwelikweli. Kiwandani huloweshwa kwenye dawa za kuizuia isioze. Zipo za kemikali za kromiamu, na zipo za mimea, kama zile zinazotokana na magome ya miwati inayolimwa Njombe. Baada ya hapo hutiwa mafuta ili ilainike. Ng'ombe akiwa hai, ngozi yake hujipaka mafuta yenyewe, lakini ikishakuwa kiatu haiwezi tena. Kila sabuni kali inayopita juu yake inaondoka na sehemu ya mafuta hayo, na jua linamalizia kazi. Ndiyo maana fundi viatu akiletewa kiatu kilichopasuka pale kinapojikunja mtu akitembea, mara nyingi haulizi kimevaliwa miaka mingapi. Anauliza, "Dada, hiki ulikianika wapi?" Na dada anajibu kwa sauti ya chini: juu ya bati, au karibu na jiko la mkaa.

Ukungu wenyewe unaondoka kwa kazi ndogo. Kiatu kitolewe nje kabisa, siyo sebuleni, kwa kuwa ule unga wa ukungu ukipeperuka na kuvutwa puani unaweza kuamsha pumu na mzio. Barakoa zilizobaki kwenye droo tangu 2020 zina kazi yake hapa. Kwanza ni brashi laini, kavu. Kisha kitambaa kilicholoweshwa kwa siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, kikakamuliwa vizuri, kwa sababu lengo ni kufuta na wala siyo kulowesha. Kijaribiwe kwanza sehemu isiyoonekana, kuona kama rangi inatoka. Baada ya hapo kitambaa cha maji matupu, halafu kivulini penye upepo kwa siku moja au mbili. Ndani kijazwe magazeti yaliyofinyangwa, na yakilowa yabadilishwe. (Hata gazeti hili, likishasomwa.) Ngozi yenye manyoya, ile wanayoiita swede, iachwe nje ya habari hii. Yenyewe inataka brashi kavu, na mafuta yataiharibu.

Magazeti hayohayo ndiyo yanayomfaa mwanafunzi mwenye jozi moja ya viatu vya shule aliyerudi amelowa. Kiatu kinachovaliwa kibichi kila asubuhi huwapa fangasi makazi mazuri katikati ya vidole, na dawa ya fangasi ni ghali kuliko karatasi.

Ngozi ikishakauka inataka kurudishiwa mafuta. Kinachofaa hutengenezwa kwa vitu viwili: nta ya nyuki, inayopatikana kwa wafuga nyuki wa Tabora na Singida, na mafuta ya nazi. Gramu 30 za nta kwa gramu 90 za mafuta zinatosha. Viwekwe kwenye bakuli la chuma, na bakuli liwekwe ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, chini kabisa ya maji yanayochemka, hivyo hakuna sababu ya kuiweka moja kwa moja motoni, ambako inaweza kushika moto. Ikishika, jiko lizimwe na bakuli lifunikwe. Maji yasimwagwe, yatausambaza moto.

Mchanganyiko ukiganda, kiasi cha punje ya kunde kwenye kitambaa kinatosha kiatu kimoja. Kilale nacho usiku, asubuhi kisuguliwe kwa kitambaa kikavu. Rangi inaweza kukolea kidogo. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi joto 24, kwa hiyo wa Njombe na Mbeya wasishtuke wakiona weupe juu ya kiatu mwezi Juni. Kitambaa chenye joto kinauondoa. Mafuta ya kupikia hayafai, yanachacha na kunuka. Ganda la ndizi linang'arisha kwa saa chache, halafu linaacha utamu, na sisimizi hawahitaji mwaliko.

Yanabaki mafuta ya taa, ambayo wengine huyatumia kutoa lami na rangi iliyomwagikia kiatu. Yanakausha ngozi, lakini ubaya wake mkubwa ni ile chupa ya soda yanamohifadhiwa, chini ya meza, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Mtoto akiyanywa, hatari kubwa ni yanapoingia kwenye mapafu, na kumtapisha kunayapa njia ya pili ya kuingia huko. Asitapishwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa. Akimbizwe hospitali, na chupa ibebwe pamoja naye ili daktari aone alichokunywa.