Tuliipa Bahari Mgongo

Anayeingia Fort Jesus, Mombasa, na kamera mkononi huanza na mizinga. Nasi tuliokwenda pale kupiga picha tulifanya hivyo hivyo: mizinga, maji ya buluu, na jua la asubuhi juu ya kuta za mawe ya matumbawe. Uzuri wa pale haumpi mpiga picha kazi kubwa.

Tulipoketi kivulini kutazama tulichopata, mwenzetu mmoja, binti wa Mji wa Kale, akauliza, "Na wafungwa wako wapi?"

Swali lile lilitunyamazisha. Wareno walikuwamo katika picha zetu, maana ngome ni yao, waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani pia, walioitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Hata michoro ya meli na makanisa, iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa humo, tuliipiga. Lakini tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya ngome hii jela. Miaka 63! Katika picha zetu haikuwamo hata moja ya miaka hiyo.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mateso yakiwa ya mbali, yenye mizinga na majemadari, tunayapenda. Tunayasimulia kwa fahari. Mateso ya mtu wa kawaida tunayapita. Katika Kenya ya ukoloni mtu aliweza kufungwa kwa kushindwa kulipa kodi ya kibanda, au kwa kutembea bila kipande cha utambulisho. Mtu wa namna hiyo haachi mzinga nyuma yake. Anaacha mke aliyelima peke yake na mtoto aliyekua akiambiwa baba amesafiri.

Basi tulirudi uani, tukaipa bahari mgongo. Ukisimama chini pale, kuta zinakuzidi kimo na kilichobaki ni kipande cha mbingu. Upepo wa bahari unausikia, bahari yenyewe huioni. Nilipiga ukuta na mbingu, basi. Haitauzwa kwa watalii picha hiyo, lakini kwangu inazishinda zote za mizinga, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile nilisimama aliposimama mwingine kabla sijabonyeza kitufe.

Ngome sasa ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuta zina wa kuzilinda. Kumbukumbu za waliofungwa humo, na za askari jela waliowalinda, zimo vichwani mwa watoto na wajukuu wao, nao wanazeeka. Kama kwenu yupo mzee mwenye habari hizo, mwendee wiki hii. Mpige picha akikubali, lakini kwanza mwache azungumze, nawe uandike.