Gizani ndani ya Iron Lung

Gemu lenyewe linaisha kwa saa moja hivi. Nililicheza usiku, taa nimezima, hedifoni masikioni, mama amelala chumba cha pili. Nilipomaliza nilinyata hadi mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua. Nikajicheka, lakini nilisikiliza.

Iron Lung ni kazi ya David Szymanski, yule yule aliyetengeneza Dusk, na lilitoka Machi 2022. Kisa chake ni hiki: nyota zote na sayari zote zinazokalika zimetoweka ghafla. Wewe ni mfungwa. Umefungiwa ndani ya nyambizi ndogo yenye kutu na kuzamishwa katika bahari ya damu, kwenye mwezi mmoja ulio ukiwa. Ukipiga picha za sehemu ulizopangiwa, utaachiwa huru. Ndivyo wanavyosema, basi.

Utamu wake ni kwamba huoni nje. Dirisha limezibwa kwa sababu ya mgandamizo. Una ramani, namba za mahali ulipo, nyuzi za mwelekeo, na mlio unaoharakisha ukikaribia mwamba. Ukitaka kuona, unaacha mitambo ya kuendeshea, unakwenda nyuma kubonyeza kitufe cha kamera. Inatoka picha moja isiyo na rangi, chenga tupu. Halafu unarudi gizani kuwaza ulichokiona. Kati ya picha na picha, chuma kinalalama, na kuna sauti nje ambayo mwamba hauwezi kuitoa. Yaani hofu yote unajipikia mwenyewe.

Nikajikuta nahesabu kwa sauti. Hapo ndipo mama aliponijia akilini. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu. Kitandani hadi mlangoni ni hatua 6, mlangoni hadi jikoni 11. Anazijua. Mwaka jana niliacha ndoo ya maji katikati ya njia yake, akaanguka na kuumia goti. Hakunigombeza. Alisema tu, “Ukihamisha kitu niambie, mwanangu.” Tangu siku ile nilidhani namwelewa. Wapi! Nimekuja kumwelewa kidogo nikiwa ndani ya kile chuma, namba zikiwa ndiyo macho yangu.

Sasa kasoro. Kusimama kusoma maandishi kwenye kompyuta ya nyambizi kunapooza moto uliokwisha kuwaka. Ukilirudia mara ya pili, linabaki zoezi la hesabu: nenda, geuka, piga picha. Na mwishoni dubwana linaivunja nyambizi na kukuvamia. Nilishtuka, sikatai. Ila mtu akipiga sufuria nyuma yangu pia nitashtuka. Kwa saa nzima Szymanski alikuwa ameniamini niogope bila kuonyeshwa. Dakika ya mwisho akakata tamaa nami.

Kasoro inayoniuma zaidi ni nyingine. Gemu hili linachukulia kwamba asiyeona ni mateka, hana la kufanya ila kungoja kuliwa. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuizoea ile mitambo, masikio yameanza kutofautisha milio. Ujuzi ule haukunisaidia kitu.

Asubuhi nilimsimulia mama huku akimenya viazi, maganda membamba kuliko ninayoweza mimi. Akauliza, “Huyo mtu hana wa kumwambia kilichopo nje?”

“Hana.”

“Kumbe! Si kutoona basi kunakomtesha.”

Akaomba nimsogezee sufuria, nami nikamwambia nimeiweka wapi.

Lichezeni, ni gemu zuri. Mara moja inatosha, usiku, na hedifoni. Mkimaliza, tazameni mmeacha nini njiani.